Jina la Kuitwa Katika "Ngojea Jua"

Hapo zamani, na sisemi zamani ya sungura na fisi, nasema zamani ya suruali za bugaluu na nywele za afro, Tanga palikuwa na bendi ya roki ikiitwa Wana Radi. Walikuwa na kelele hao! Jirani anaacha kufua, anakwenda kuwagombeza, akifika anabaki kutikisa kichwa. Msicheke. Mimi ni mmoja wa waliokwenda kugomba.

Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Ngojea Jua". Aliyeutunga ni Semkiwa, mpiga gitaa la solo. Aliyeuimba ni Mwanahamisi. Na desturi yao ilikuwa hii: gitaa likianza kulia, Mwanahamisi humwita mpigaji kwa jina, "Semkiwa! Semkiwa, baba!" Hapo ukumbi mzima unasimama.

Siku ya kurekodi ikafika, Semkiwa yuko kitandani, hoi, kifua kimembana. Akamwita Mhina, mpiga gitaa wa pili, akampa gitaa lake na kumfundisha kwa mdomo. "Tiri-ri, tiri-ri, halafu unaliliza. Unasikia? Unaliliza!"

Mhina akaenda. Katikati ya wimbo uzi ukakatika, pwaa! Mwingine angesimama. Mhina hakusimama. Akazivuta nyuzi zilizobaki mpaka gitaa likalia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mlio ule ndio watu wanaoupenda mpaka leo.

Na Mwanahamisi? Alimtazama Mhina usoni, akaita, "Semkiwa! Semkiwa, baba!"

Wimbo ukapigwa redioni. Semkiwa akasikia anaitwa, akaitika palepale kitandani, "Naam!" Haikupita muda akafariki, mkewe akiwa na mimba.

Miaka ikaenda. Bendi ikavunjika, santuri zikapotea. Nyimbo zile zilipona kwa sababu Mwanahamisi aliuficha utepe wa studio ndani ya debe la unga. Juzijuzi fundi mmoja wa kurekodi, Stamili, akaamua kuzikusanya nyimbo za mwanzo za Wana Radi ziwe albamu moja. Akamwita Mhina aje asikilize. Mhina sasa ni mzee, meno ya mbele hana. Gitaa lilipolia, naye akalia.

"Mwanangu, huyo ni mimi," akasema. "Nimesema maisha yangu yote, haniamini mtu. Niliwaambia wakwe zangu, wakacheka. 'Mzee, mbona anaitwa Semkiwa?' Mke wangu amekufa akiniona mwongo. Vidole ni vyangu! Nami niitwe mara moja kabla sijafa."

"Tutaandika jina lako kwenye jalada, mzee."

"Jalada anasoma nani? Watu wanasikiliza."

Stamili akafikiri. "Siku hizi kuna mashine," akasema. "Ile sauti ya kuita inafutika, gitaa linabaki. Mama Mwanahamisi bado yuko hai. Aje aite upya. Ila pale pana nafasi ya jina moja tu."

Habari zikamfikia Sikudhani, binti wa Semkiwa, yule aliyekuwa tumboni. Alikuja mbio, hata hodi hakupiga.

"Msifute!" akasema. "Picha ya baba sina. Kaburi lake limepitiwa na barabara. Kila Idi, mpaka santuri yetu ilipovunjika, mama alikuwa anauweka wimbo huu, tukifika pale ananishika mkono: 'Umesikia? Baba yako huyo.' Halafu wimbo katunga nani? Mlio kafundisha nani?"

"Ule wenyewe hakunifundisha," Mhina akasema. "Uzi ulikatika."

"Uzi wa gitaa la nani, mzee wangu?"

Mhina akavitazama vidole vyake.

Wakamgeukia Mwanahamisi, ambaye naye alikuwa amekwisha fika studioni. "Mama," Stamili akauliza, "siku ile ulikosea?"

"Nikosee nini? Nilimwona Mhina kwa macho yangu haya. Lakini nilijua Semkiwa haponi, nikataka asikie anaitwa. Nikasema moyoni, Mhina bado ana siku nyingi, nitamwita wimbo mwingine. Ndiyo bendi ikavunjika." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Nanyi mnagombana kana kwamba mimi simo! Utepe nimeutunza mimi. Na sauti ile ndiyo ujana wangu, sina mwingine. Leo niuchafue kwa koo hili la kibibi?"

"Siku zenyewe ulizonihesabia zimekwisha, dada," Mhina akasema taratibu.

Mwanahamisi akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya maikrofoni, akavaa visikizio.

"Mama, ukiita, jina utakaloita ndilo litakaa," Stamili akasema. "Ukinyamaza, naacha la zamani."

Taa nyekundu ikawaka. Upande huu amekaa Sikudhani, mikono kifuani. Upande huu amekaa Mhina, amefumba macho, midomo inamcheza kama mtu aliye tayari kuitika. Ngoma zikapita, besi ikapita, gitaa likaanza kulia. Mwanahamisi akavuta pumzi, akafumbua kinywa.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mnatafuna karanga zangu, msinitazame mimi. Yuko aliyetunga, akaitika, akafa. Yuko aliyepiga na hajapata kuitika. Yuko aliyeita na kutunza, na sauti ni yake. Gitaa halisubiri, linalia sasa hivi. Je, nani alistahili kuitwa?