Gari Moshi Lililorudi Nyuma

Hapo zamani, siku sinema ilipokuja Nambunju, ndani ya ghala la korosho walikuwamo hawa: Kondo fundi cherehani, mkewe Mwanahawa, jirani yao Riziki, mwalimu Tumaini, Sikujua mwenye mashine ya sinema, na watu wa mji waliojaa hadi mlangoni.

Kondo na Mwanahawa walikuwa na miezi mitatu hawasemezani. Mke aliloweka kofia nyeupe ya mumewe pamoja na kanga mpya, ikatoka nyekundu. Tangu hapo walisemezana kupitia kwa jirani.

"Riziki, mwambie mume wangu ugali unapoa."

"Riziki, mwambie mke wangu nimeshiba."

Na wote watatu wamo chumba kimoja.

Jumamosi iliyofuata Mwanahawa angerudi kwao. Sanduku lilishafungwa, ikabaki talaka kuandikwa.

Ghalani wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Kabla ya kutoka nyumbani, Riziki alimwambia Mwanahawa, "Twende, shoga, mumeo haji." Akamwambia Kondo, "Nenda, mkeo haendi, anaumwa kichwa." Kondo alipokaa mpakani mwa wanaume na wanawake, Riziki akamwachia Mwanahawa mkeka uliokuwa ubavuni mwa Kondo. Yeye akasimama mpaka mwisho, na miguu yake ilikuwa imevimba.

Picha ilikuwa ya Kimarekani, ya zamani. Bibi mwenye mbwa na bwana mwenye kofia ndefu waligombana tangu mwanzo. Walimwagiana supu, wakaangukia bwawani, na kila wakigombana macho yao yalitafutana.

Tumaini ndiye aliyetafsiri. Kiingereza kile cha mbio hakukielewa, akachukua maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia kupitia kuta za nyumba ya Kondo. Bibi akasema kwa sauti ya mwalimu, "Mbwa, mwambie huyo bwana ugali unapoa!"

Ghala zima likacheka. Mwanahawa naye akacheka, mkono mdomoni.

Kondo akasema bila kugeuka, "Afadhali yule anajua kufua."

"Afadhali mwenzake anakula," akajibu Mwanahawa.

Hayo yakawa maneno yao ya kwanza baada ya miezi mitatu.

Kisha bibi akapanda gari moshi. Bwana akabaki stesheni, kofia yake topeni. Utepe wa picha ukaisha. Utepe wa mwisho Sikujua alikuwa ameusahau katika mji aliotoka.

Mwanahawa akasimama. "Ndiyo wanaachana hivyo? Kwa nini asimwite?"

"Labda hajui aanzeje," akasema Kondo taratibu.

Sikujua aliona machozi ya Mwanahawa. Akaizungusha mashine kwa mkono, kinyumenyume. Gari moshi likarudi. Kofia ikaruka kutoka topeni ikamkaa bwana kichwani. Bibi akashuka kwa mgongo hadi mikononi mwake. Vigelegele vikapigwa.

Kondo akamwambia mkewe, "Twende nyumbani." Hakumtuma mtu.

Jumamosi sanduku lilifunguliwa. Mimba ilipoingia, waliahidi kuwa mtoto atachukua jina la aliyewapatanisha. Mtoto akazaliwa, na watatu wakaja kudai jina.

Riziki akasema, "Jina ni langu. Bila mimi mmoja angekaa kulia, mwingine kushoto. Nimesema uongo mara mbili kwa ajili yenu."

Tumaini akasema, "Karibu walikaa hata nyumbani kwao, na hawakusemezana. Mimi ndiye niliyewafungua midomo, na Kondo angeweza kunipiga."

Sikujua akasema, "Walicheka, kisha wakaona watu wanaachana. Ningezima pale, wangetoka na huzuni ile hadi kwenye sanduku. Mimi niliwarudisha, na mashine yangu ikaharibika kwa kuzungushwa kinyume."

"Si wewe uliyesahau utepe?" akauliza Tumaini.

"Na wewe ukatangaza siri za watu!" akasema Riziki.

Majina yote matatu huitwa wanaume na wanawake, kwa hiyo mtoto kuwa wa kike au wa kiume hakukusaidia kuamua. Kondo akataka Tumaini. Mwanahawa akataka Sikujua, kisha akamwangalia Riziki, akalirudisha neno lake. Mtoto akafika umri wa kutambaa, bado anaitwa Mtoto.

Je, nyinyi mnaosikiliza, mngempa jina la nani?