Pasipoti Ilipobisha Hodi

Wapendwa, nina mfano, na mfano wenyewe una mbio, kwa hiyo aliyekuja kusinzia asogee nyuma awapishe wenzake.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, katika mji mdogo wa milimani, mji wa migomba na baridi. Ni mji ambao ukipiga chafya sokoni, mwenye duka la ng'ambo ya barabara anakupa pole. Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Sifa. Binti akaenda Ulaya kusomea uuguzi, akapata kazi hukohuko, miaka ikasonga. Kila Krismasi anasema atakuja, kila Krismasi nauli inakula kona. Mwaka wa kumi na moja simu ikalia.

"Mama, naolewa! Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na siingii kanisani mpaka nikuone umekaa benchi la mbele."

Nyie! Mama alipiga vigelegele peke yake jikoni mpaka maharage yakaungua. Akatoka mbio na kanga moja begani, kwa fundi cherehani, apimwe gauni. Fundi akamwambia, "Mama Sifa, tulia basi, nakupima unarukaruka!" Atatulia vipi? Miaka kumi na moja hajamshika mwanawe. Tiketi ilikwisha kutumwa: ndege ya Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, na uwanja uko mwendo wa saa mbili kwa gari. Akiikosa hiyo, harusi itampita.

Kikabaki kitu kimoja, pasipoti. Ubalozi wa nchi ile uko nchi jirani, kwa hiyo pasipoti ilitangulia kusafiri kuliko mwenyewe, ikagongwe viza kisha irudi. Swali likawa, irudi kwa njia gani? Hapo sasa jumuiya yake ya maombi, yote nzima, ikageuka wataalamu wa usafirishaji.

"Usithubutu kuipitisha posta," akasema jirani mmoja. "Shemeji yangu alinitumia kadi ya Krismasi, nikaisoma Pasaka."

"Na hizo kampuni binafsi je?" akajibu mwingine. "Leo wana bango kubwa, kesho unakuta kinyozi. Posta angalau ina mlango utakaokwenda kuugombania."

Mzee wa kanisa aliyeongoza jumuiya ile, mtu mzima mwenye sauti yake, akasema yeye haamini posta wala kampuni. Kitu cha maana unampa dereva wa basi, unamtazama usoni, unamwambia salimia watoto. Mnacheka? Mnacheka kwa sababu ni ninyi hao.

Mama akachagua kampuni binafsi. Karani akamsomea masharti: pasipoti haikabidhiwi jirani wala shangazi. Anapewa mwenye jina lake tu, akionyesha kitambulisho na kutia saini. Asipopatikana, haiwezi kulala kwenye tawi, inarudi ubalozini siku ileile. Mama akaitikia sawa, sawa, sawa, kama sisi wote tunavyoitikia masharti. Akapewa namba ya kufuatilia mzigo kwenye simu.

Ile namba ndiyo ikawa chakula chake. Jumatatu simu ikasema: imetoka ubalozini. Mama akaenda kumwambia fundi. Jumanne: imepanda ndege. Akaenda kumwambia mwenye duka, na mwenye duka akamwita mkewe aje asikie. Jumatano asubuhi: imewasili nchini. Hapo hata watu wa mashine ya kusaga, ambayo iko mbele ya nyumba yake, walizima mashine ili wapewe habari vizuri. Mji mzima ulikuwa unasafiri na pasipoti ile. Jumatano mchana, kimya. Jioni, kimya. Alhamisi kumepambazuka, siku ya ndege yenyewe, simu haijasema neno. Sanduku limefungwa, gauni limepigwa pasi, gari la kukodi limepangwa kuja saa nane na nusu mchana. Pasipoti haipo.

Mama akalia. Jumuiya ikasikia, na jumuiya haikukaa nyumbani. Ilipofika saa tatu asubuhi sebule ya mama imejaa, wamekuja kufunga na kuomba mpaka saa nane. Nataka mwelewe jambo hili, msije mkasema mchungaji anabeza maombi. Watu wale walimpenda. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakikutana nyumba kwa nyumba, msiba wake ulikuwa wao, mume wake walimzika wao.

Sasa utaratibu wa jumuiya ile ni kwamba maombi yakianza, simu zote zinazimwa na kuwekwa kapuni. Kapu likapita likafika kwa mama. Mama akasita, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Mzee, naomba leo yangu ibaki. Huenda wakanipigia."

Mzee akamtazama kwa upole. "Mama Sifa, tumekuja kumwomba Mungu au tumekuja kungoja mtandao?"

Ungejibu nini wewe? Mama akaizima akaiweka kapuni.

Wakaimba. Wakaomba. Yalikuwa maombi ya moto, wapendwa, si yale ya kwetu ya kuchungulia saa. Walimwombea rubani, wakawaombea watu wa forodha, wakaikemea kila foleni iliyoko barabarani. Kwenye saa nne na nusu hivi mlango ukabishwa hodi. Mzee akaenda akaufungua kidogo, akasema maneno mawili matatu na mtu wa nje, akaufunga.

"Nani?" mama akauliza, bado amepiga magoti.

"Kijana mmoja kapotea nyumba. Tuendelee."

Wakaendelea. Baada ya nusu saa mlango ukabishwa tena, na safari hii mzee alikwenda akiwa amekunja uso, akarudi haraka. Mama hakuuliza. Alikuwa ameinama mpaka sakafuni, machozi yanamwagika, anasema, "Bwana, huyo mtu wa kampuni, popote alipo, mwonyeshe njia, mlete mpaka mlangoni kwangu!" Na sebule nzima ikajibu amina, na mzee akajibu amina kuliko wote.

Saa nane ikafika. Kapu likaletwa. Mama akaiwasha simu. Ukaingia ujumbe mmoja, wa pili, wa tatu, ikawa kama mvua juu ya bati. Amepigiwa mara sita na namba asiyoijua. Na ujumbe wa mwisho wa kampuni ukasema: mpokeaji hajulikani katika anwani hii.

Watu wakawaka! "Nilisema mimi!" akapaza sauti yule aliyeitetea posta. "Waongo hao, hawajatia mguu hapa, wanakaa mjini wanaandika wanachotaka!" Mwingine akataka waende wakalivunje bango. Mzee akasema, "Piga simu hiyo namba. Weka sauti kubwa, wote tumsikie anavyojitetea."

Mama akapiga.

"Shikamoo, mama," akaitikia kijana upande wa pili. "Nimekutafuta sana."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuja? Ndege yangu ni leo!"

"Nilikuja, mama. Saa nne na nusu. Nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani. Nilisikia watu wanaomba. Akanifungulia mzee mmoja amevaa sweta la kahawia. Haturuhusiwi kutaja tulichobeba, nikamwambia tu namtafuta Nakijwa Eliapenda Mkwizu. Akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Macho yote yakahamia kwenye sweta la kahawia.

"Nikaenda dukani," kijana akaendelea, "wakasema hawamjui. Nikaenda kwa fundi cherehani, hamjui. Pale mashineni wakaniambia huyo labda ni wa mtaa wa juu, nikapanda mtaa wa juu, nikashuka. Nikapiga simu, haipatikani. Nikarudi tena kwenye mlango wa kijani, maana roho ilikuwa haijatulia. Yule mzee akaniambia nisivuruge maombi ya watu."

"Na pasipoti iko wapi, baba?"

"Imerudi na ndege ya saa saba, mama. Ilikuwa na masharti. Nisamehe, nilijitahidi."

Simu ikakatika. Nje, gari la kukodi likapiga honi, maana lilikuwa limewahi. Hakuna aliyeinuka. Mzee akamgeukia mama, na kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake akauliza:

"Mama Sifa… kwani huyo Nakijwa ni nani?"

Mama akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ni mimi, mzee."

Jumamosi Sifa aliolewa, maana wageni walikuwa wamekwishafika, na benchi la mbele likabaki wazi. Mama aliitazama harusi kwenye simu, na ilipofika wakati wa kumbariki bibi harusi picha ikaganda.

Wapendwa, nani alaumiwe hapa? Wiki nzima tumeisema posta, tumezisema kampuni. Haya, tukague. Ubalozini, kwa wageni wasiomjua, jina la mama yule liliandikwa bila kosa hata la herufi. Likavuka mpaka, likapanda ndege, likashushwa, likapakiwa kwenye pikipiki. Kijana ambaye hajawahi kula hata ndizi moja kwa mama yule alilitaja kamili, majina yote matatu, akazunguka nalo mtaa mzima juani. Lilipofika kwa watu waliokaa kwenye viti vyake kwa miaka kumi na tisa, likakosa wa kulipokea. Hata kwenye daftari la jumuiya alikuwa ameandikwa Mama Sifa, basi. Na mkumbuke, maombi yale yalijibiwa! Yalijibiwa saa nne na nusu asubuhi, tena yakajibiwa mara mbili! Aliyekuwa anaomba jibu ndiye aliyelifungia mlango.

Msinielewe vibaya. Kumwita mtu mama wa fulani ni heshima yetu, na mimi siiondoi. Lakini tuseme ukweli wa Mungu: mara ngapi sisi tunamwombea mtu tusiyetaka usumbufu wa kumjua? Tunamjua kwa mtoto wake, kwa marehemu mume wake, kwa kazi yake, kwa ugonjwa wake. "Tumwombee yule mama wa kisukari." Mama wa kisukari! Mungu akituma msaada leo, akaubandika jina la huyo mama, ukapitia mlango wangu au wako, tutaupokea? Au tutasema kapotea nyumba, kisha turudi kuomba kwa sauti?

Nami simnyooshei kidole yule mzee, maana kingenirudia. Kuna mama anayefagia kanisa hili. Anafika kabla yenu, anaondoka baada yenu, na mabenchi mliyokalia amewafutia yeye. Miaka sita mimi, mchungaji wenu, namwita Mama Usafi, na yeye anaitikia na kutabasamu. Jana, baada ya kuuandaa mfano huu, nikaona aibu, nikatoka ofisini, nikamkuta pale kwenye ngazi na ndoo yake. Nikamwambia, mama, nisamehe, wewe unaitwa nani? Akaweka ndoo chini. Akanitazama kwanza, kama mtu anayehakikisha kwamba ameulizwa yeye. Kisha akanitajia, majina yote matatu, taratibu, na akaanza kulia, na mimi nikalia naye palepale kwenye ngazi.

Jina lake ninalo. Lakini leo siwatajii. Yuko pale mlangoni, na ibada ikiisha mtapita mbele yake wote. Mkamuulize wenyewe.