Bwana Harusi Aliyekohoa

Hapo zamani, katika mji ambao watu wake walizungumza hata usingizini, alikuwepo kijana mmoja asiyeweza kusema mbele za watu. Jina lake Vuai. Msimcheke sasa, nafasi ya kumcheka inakuja.

Alipokuwa mdogo, mgeni akimuuliza jina, mama yake, Bi Mwatima, alijibu: "Anaitwa Vuai." Akiulizwa kama ameshiba, Bi Mwatima alijibu: "Ameshiba." Mtoto akashusha pumzi. Siku ile moyo ulitulia. Siku ya pili hofu ikarudi imenenepa.

Alipokua, rafiki yake Silima akamfundisha ujanja. "Ukibanwa useme, kohoa. Kohoa mpaka wakuhurumie." Vuai akakohoa chuoni, akakohoa barazani, akakohoa mpaka mazikoni. Watu wakamchemshia tangawizi. Moyo ukatulia, siku ya pili hofu ikarudi imenenepa zaidi.

Kisha akachumbiwa Mize, binti wa ami yake, Mzee Kheri. Walipendana kwelikweli. "Wewe nyamaza tu," Mize alimwambia, "nikiwepo mimi nitasema." Mashoga zake wakamwonea wivu: mume asiyejibu! Wapi anapatikana?

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi zake. Bwana harusi alikubali ndoa kwa kinywa chake mwenyewe, hana wakili. Na aliyeharibu harusi hakula pilau: alishika birika na beseni, akawanawisha wageni wote mikono, mmoja mmoja, huku wakimtazama usoni. Mpaka apatikane wa kushika birika, ndoa haiendelei.

Siku ikafika. Sheikh akamshika Vuai mkono, akamuuliza kama amekubali kumuoa Mize binti Kheri. Vuai akakohoa. Sheikh akasubiri, akauliza tena. Vuai akakohoa. Mara sauti ya Bi Mwatima ikapaa nyuma ya pazia: "Amekubali!"

"Bi Mwatima," sheikh akasema, "nikuozeshe Mize wewe?"

Watu wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Mzee Kheri hakucheka. Aliweka birika katikati ya mkeka, akauliza: "Nani?"

"Si mimi," akasema Bi Mwatima. "Mimi nilimwonea huruma. Mama gani atamtazama mwanawe anatetemeka, anyamaze? Mshikeni Silima, aliyemfundisha ugonjwa asiokuwa nao."

"Si mimi," akasema Silima. "Mimi nilimpa kikohozi cha kumtoa siku moja. Yeye kakifanya kazi ya maisha. Mshikeni Mize, aliyemsifu kwa kunyamaza."

"Si mimi," akasema Mize nyuma ya pazia, na sasa analia. "Nilimpenda alivyo. Ningemlazimisha, mngeniita mkali. Lakini ulimi anao! Sote tumebeba maneno yake miaka yote, leo nimemwomba neno moja tu, na silipati."

Wote wakamgeukia Vuai. Kanzu imelowa jasho. Akafumbua kinywa.

"Nime..."

"Mpeni maji!" akapiga kelele mama yake.

"Kohoa, kohoa!" akanong'ona Silima.

"Basi, usijitese," akasema Mize.

Na Vuai, ninaumia kulisema hili, akashusha pumzi, akafunga kinywa.

Pilau linapoa. Sheikh anatafuta viatu vyake. Mize amepambwa, hina bado mbichi, hajawa mke wa mtu. Na birika liko palepale mkekani, limejaa maji, hakuna anayelisogelea.

Haya, wewe uliyekaa mbele, uliyecheka kuliko wenzako. Je, nani alistahili kulishika? Mama aliyemjibia, rafiki aliyemfundisha kukohoa, mchumba aliyempenda bubu, au Vuai mwenyewe, aliyepokea huruma zote hizo na hakurudisha hata moja?

Sema, tunakusikiliza sote. Mbona unakohoa?