Karatasi Yenye Matundu

Wahenga walisema kuwa ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kitanda hakimjali mtu kwa cheo chake wala kwa mvi zake. Anayesimama wima kama mlingoti ataishia kuona shuka, na kile anachokitamani kitabaki gizani kikimngoja. Orrin Labounty, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika vilima vya jimbo la Vermont, hakuwahi kuisikia methali hii maishani mwake. Hata hivyo ilimfuata huko huko aliko, ikamkuta zizini.

Orrin alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye goti bovu na shingo isiyopinda. Goti alilipata kwa teke la ng'ombe. Shingo alizaliwa nayo. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji cha kijiji chao, na kwa miaka mingi ndiye aliyewafundisha vijana kushika bunduki kwa usalama. Mvunguni mwa kitanda chake palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Ndani yake ililala bunduki ya marehemu mkewe, Irene.

Irene aliipokea bunduki hiyo kwa baba yake, na baba yake aliipokea kwa shangazi. Katika ukoo ule, mtu huwinda kulungu wake wa kwanza kwa bunduki ya aliyemtangulia. Wiki chache kabla hajafariki, Irene alimshika mkono mjukuu wake, Maeve, akamwambia, "Ukifika umri, ile ni yako. Babu yako atakukabidhi." Kisha akamgeukia mumewe kwa macho yasiyotaka jibu ila moja. Orrin akaitikia kwa kichwa. Vuli ya mwaka ule, msimu wa kuwinda, Maeve angetimiza umri wa kuingia msituni na vijana wenzake.

Ndipo ulipokuja muswada.

Aliyeupeleka bungeni alikuwa Mheshimiwa Judith Amsel, mwalimu wa zamani kutoka mji wa kando ya ziwa. Muswada wake ulisema mambo mawili. La kwanza, anayenunua bunduki dukani asubiri siku kadhaa kabla ya kuichukua. La pili, bunduki yoyote inayotoka mkono mmoja kwenda mwingine, hata kwa siku moja, hata baina ya ndugu, ipitie kwanza kwenye duka lenye leseni, na asiyetimiza miaka ishirini na mmoja asipokee kabisa. Orrin aliisoma ibara hiyo ya pili mara tatu. Kwa maneno yale, siku atakayomkabidhi Maeve bunduki ya bibi yake, angekuwa mhalifu.

Habari zilienea kama moto wa nyikani. Kwenye duka la kijiji, ambako wanaume na wanawake hunywa kahawa wamesimama, hapakuwa na gumzo jingine.

"Sheria hii imetungwa na mtu aliyemwona kulungu kwenye pakiti ya biskuti," alisema Duane Coffrin, mchomea vyuma, mtu wa sauti kubwa kuliko jenereta lake.

"Uliusoma wote, Duane?" aliuliza mama wa dukani.

"Nimeusoma wa kunitosha."

"Basi umesoma kichwa cha habari."

Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Hofu ilikuwa imewaingia. Wengine walisema waandike barua, wengine waende kwenye kamati ya bunge, maana kamati ilikuwa imeahidi kuwasikiliza. Wajumbe wake wawili walikwisha kusema hadharani kwamba ile ibara ya pili iliwatia shaka. Mlango haukuwa umefungwa. Ulikuwa umerudishwa tu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya shabaha. Kila mwaka kabla theluji haijayeyuka, wanachama hukutana uwanjani kwao, wakala maharage ya nyama yenye pilipili, wakapima macho yao kwa kupiga karatasi. Safari hii Duane alikuja na karatasi zake. Alikuwa ameuchapa ukurasa wa kwanza wa muswada kwa herufi kubwa, akaubandika kwenye mbao za shabaha.

"Leo tunatoa maoni yetu," alisema.

Orrin aliangalia, akatabasamu, akapiga. Wakapiga wote. Ilikuwa hasira iliyopata mahali pa kutokea, na kwa saa moja walijisikia wepesi. Mtu mmoja akapiga picha ya ukurasa ule uliotoboka kama chujio, akaituma kwa rafiki yake, na rafiki akaituma kwa wengine.

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kwamba juu ya ukurasa wa kwanza wa kila muswada huandikwa jina la aliyeuleta.

Jioni ile televisheni iliionyesha picha. JUDITH AMSEL, na matundu ya risasi yamepita kwenye herufi zake. Kufikia Jumanne gari la polisi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yake, na wale wajumbe wawili wenye shaka wakatangaza kwamba sasa hawana shaka tena. Mlango uliokuwa umerudishwa ukapigwa komeo.

"Tulipiga karatasi," Orrin alirudia zizini, huku akifunga mashine ya kukamulia kwenye chuchu za ng'ombe. "Karatasi, Collette. Hatujamgusa mtu."

Collette, binti yake, mamake Maeve, alikuwa akifuta kiwele cha ng'ombe wa pili. Hakuinua kichwa.

"Baba, nilipokuwa na miaka kumi ulininyang'anya bunduki mwezi mzima. Unakumbuka kwa nini?"

"Uliuelekeza mtutu kwa kaka yako."

"Ilikuwa tupu. Nikalia, nikakwambia ni tupu. Ukaniambiaje?"

 Mashine iliendelea kuvuta, chwii, chwii.

"Uliniambia haijalishi tupu au imejaa," Collette aliendelea taratibu. "Mtutu hauelekezwi penye mtu. Sasa jina la mtu ni nini, baba? Si ndiyo yeye?"

Maneno yale yalimchoma kama mwiba wa samaki kooni. Orrin alikuwa ameifundisha kanuni ile kwa nusu ya vijana wa wilaya. Ilikuwa ya kwanza ubaoni kila mwaka. Na yeye, mwalimu, ndiye aliyeivunja huku akitabasamu. Alimaliza kukamua, akaosha mashine. Asubuhi iliyofuata alivaa koti alilovaa kuuaga mwili wa Irene, akaacha msumarini kizibao cha rangi ya chungwa wanachovaa wawindaji, akawasha gari.

Duane alimkuta dukani akijaza mafuta.

"Nimesikia unakwenda kumpigia magoti yule mama," alisema. "Chukua na mto basi."

"Goti langu halipigiki, Duane, unalijua. Ndiyo maana nakwenda na shingo."

"Watakucheka."

"Wacheke. Kazi ya kulia itabaki kwetu tusipokwenda."

Jengo la bunge lilikuwa na kuba linalong'aa kama sufuria mpya. Orrin aliuliza, akaelekezwa kwenye ukumbi wa chakula. Judith Amsel alikuwa ameketi peke yake na bakuli la supu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipoyaona mabega yale na mikono ile ya zizini vikijongea, aliweka kijiko chini na kukaza mgongo.

Orrin alivua kofia.

"Mheshimiwa, naitwa Orrin Labounty. Ile picha ilipigwa uwanjani kwetu, na mimi ndiye mwenyekiti. Mojawapo ya yale matundu ni langu. Nawafundisha watoto wasiuelekeze mtutu penye mtu, nami niliuelekeza penye jina lako. Nimekosa. Nakuomba radhi, wewe na watu wa nyumbani kwako."

Judith alimtazama usoni. "Na umekuja kutaka nini?"

"Nimekuja kuomba radhi tu. La kutaka ninalo, lakini haliingii kwenye safari hii. Ukinipa siku nyingine, nitalileta."

Akainamisha kichwa, akavaa kofia, akageuka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia, "Bwana Labounty. Rudi ukae. Supu ya hapa ni mbaya, lakini ni ya moto."

Alirudi, akakaa. Judith hakuanza na siasa. Alimsimulia habari za kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, hodari wa hesabu na mpole, aliyekatishwa tamaa na dunia siku moja tu. Asubuhi alinunua bunduki dukani bila kuulizwa anakwenda nayo wapi. Jioni aliielekeza kwake mwenyewe, na mama yake hakuwa na mtoto.

"Sheria ingemchelewesha kwa siku chache tu," Judith alisema. "Siku chache. Pengine angeamka kesho yake akaona mambo mengine."

Orrin aliitazama supu. Alikumbuka kibarua wake mmoja, mtu wa vichekesho, aliyezikwa nyuma ya kanisa la kijiji kwa kisa kama kile. Kule kwao jambo hilo hutajwa kwa minong'ono.

"La kungoja dukani," alisema, "sitalipinga. Nitawaambia na wenzangu, ingawa wengine watanilaani."

"Na lile lako la kutaka?"

"Si nilisema siku nyingine?"

"Hii ndiyo siku nyingine. Tumeshamaliza supu."

Akamweleza habari za Irene, sanduku na Maeve. Judith alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo sikulikusudia," alisema.

"Lakini ndilo lililoandikwa, Mheshimiwa."

"Ndilo lililoandikwa," alikubali. "Nionyeshe mnavyofanya."

Judith akaja kweli kijijini, majira ambayo miti hugemwa utomvu wake mtamu na kila banda la kuuchemshia linatoa mvuke. Habari zilikuwa zimemtangulia. Duane alikuwa amesimama uani na boksi la donati, uso mwekundu kama kiazi sukari.

"Ile karatasi niliichapa mimi," alimwambia Judith bila salamu. "Donati ni za mke wangu. Ndizo nzuri. Radhi ni yangu, sijui kama ni nzuri."

"Nitaanza na donati," alijibu Judith, "nikishiba nitaipokea na radhi."

Duane akacheka kicheko chake cha jenereta, na hewa ya uani ikalegea.

Chumbani Orrin alishika ukingo wa kitanda. Tangu mazishi hakuwa amelitoa lile sanduku. Goti lilipiga kelele, uso ukamkunjamana, lakini alishuka, mkono ukapapasa mvunguni, akalivuta. Alifungua kufuli, akaitoa bunduki ya Irene, akaenda nayo sebuleni alikosimama Maeve, amenyooka kama mshumaa.

Orrin akaufungua wazi mtambo wa bunduki, akachungulia chemba inakokaa risasi kuhakikisha ni tupu, akaigeuza ili Maeve aone.

"Nimeona," alisema Maeve, naye akachungulia kabla ya kuipokea.

"Na mimi naweza kuishika?" aliuliza Judith.

Badala ya kumpa, Maeve alichungulia chemba upya, akaigeuza bunduki upande wa mgeni.

"Lakini umeangalia sasa hivi," Judith alishangaa.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini wewe hujaangalia."

Judith alivua miwani, akainama juu ya chuma kile, akatazama mpaka aliporidhika. "Nimeona," alisema. Aliishika kwa dakika moja, kisha, bila kukumbushwa, akamwonyesha Maeve kuwa ni tupu kabla ya kumrudishia.

Siku ya kikao cha mwisho, vizibao vya rangi ya chungwa vilijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Wengi walitarajia vurumai. Lakini Orrin alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Haikuwa kazi rahisi. Mzee mmoja alimrudishia kadi ya uanachama mbele ya mbwa wake, na upande wa pili wapo waliomwita Judith msaliti kwa kula donati za wawindaji. Hata hivyo Judith aliposimama kusema, hakuna aliyekohoa. Orrin naye aliposimama, hakuomba kibali cha kila kitu. Aliunga mkono muda wa kungoja dukani, akataja kibarua wake kwa jina, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba jambo moja: aliyemtangulia aruhusiwe kumkabidhi anayemfuata, mbele ya jicho la mkubwa.

Ibara ya pili ikaandikwa upya. Ndugu wakaruhusiwa kupeana, na vijana wakaruhusiwa kuwinda wakiwa na mkubwa aliyefunzwa. Wale wajumbe wawili wakapiga kura ya ndiyo, na kamati nzima ikawafuata. Ukumbi ulisimama. Watu wa vizibao na watu waliokuja na vitambaa vya kuwaomboleza wapendwa wao waliokufa kwa bunduki walipiga makofi pamoja, wengine wakijifuta macho, na Duane akamkumbatia mtu asiyemjua.

Vuli ilipowadia, muswada ukiwa umeshakuwa sheria na majani yameshapukutika, Maeve aliingia msituni nyuma ya babu yake. Kabla ya adhuhuri mlio mmoja ulivuma bondeni, kisha kimya. Alasiri kijiji kizima kilikuwa kwenye mizani ya duka, ambako kila kulungu hupimwa mbele ya macho ya watu. Mama wa dukani alisoma uzito kwa sauti ya mhubiri, na vifijo vikapanda mpaka juu ya mnara wa kanisa. Gari dogo lilikuwa limesimama barabarani. Mwenye miwani ya kamba akashuka, akapenya umati na kumpa Maeve mkono.

"Bibi yako angefurahi," alimwambia.

Orrin aliwatazama wote wawili. Goti lilikuwa likimuuma tangu asubuhi, wala hakujali. Usiku wa kiburi ulikuwa umekwisha, mikono yake ilikuwa imetimiza ahadi yake kwa Irene, na bunduki ilikuwa begani kwa mwenyewe, chemba wazi. Kwa hakika, ukitaka cha mvunguni sharti uiname.