Jina la Kiboko Jaladani

Nianze?
Anza.
Niongeze chumvi?
Ongeza, ila tunakutazama.
Nitazameni. Na mimi nawatazama, maana wasikilizaji wa siku hizi siwaamini.

Zamani, si zamani sana, wanyama wa bondeni walitengeneza programu ya kanzidata, ghala la kumbukumbu zao zote: maji yako wapi, nyasi zimeota wapi, wawindaji wamepita njia gani. Ilikuwa programu huria. Yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuinakili na kuiboresha. Lakini waliojua kuitumia walikuwa wachache, na wasiojua walipotea wakafa kwa kiu. Basi wakaamua kuandika kitabu cha kuieleza, kila mmoja sura yake, kisomwe bure na wote.

Wakakutana mtoni kupanga. Swala akachukua sura ya kutafuta. Nungunungu akachukua sura ya kulinda. Nguchiro, mdogo kuliko wote, akachukua sura ya kurekebisha vilivyoharibika, ambayo hakuna aliyeitaka.

Bwaa! Maji yakapasuka, akatoka Kiboko. Hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa programu ile. Akasema kitabu lazima kiwe na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye, kwa kuwa mkutano uko kwenye mto wake. Jina lake peke yake litakaa jaladani, na anayetaka kusoma atamletea kwanza mzigo wa majani mabichi. Wenzake wakaguna. Akapanua kinywa, wakayaona meno, wakarudi nyuma.

"Mimi naona sawa," akasema Nguchiro.

Wote wakamgeukia. Nungunungu akamnong'oneza Swala kwamba huyu kashahongwa. Hata Kiboko alimshuku, akamwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu, mzee wangu. Nataka jina lako liandikwe kubwa, na chini yake tuandike unapokaa, wasomaji wajue pa kuleta heshima."

Kiboko akalainika. Kitabu kikatoka, majani yakaja, akala mpaka akacheua. Mchana akalala majini, khoro, khoro.

Chubwi! Jiwe likaanguka karibu na sikio. Ni Swala. "Mwenye kitabu, kumbukumbu zangu hazifunguki. Majani nimeshaleta."

Kiboko akasema hajui. Akalala, khoro, khoro.

Chubwi! Ni Nyani. "Mwenye kitabu, nimefuta visima vyote. Majani nimeshaleta."

Kiboko akasema hajui. Akalala, kho...

Chubwi! Ni Nyati, ukoo mzima, ndimi nje kwa kiu. Waliuliza kisima kiko wapi. Kiboko akabahatisha, akawaelekeza kwenye mwamba mkavu. Wakaenda, wakarudi, na safari hii walitanguliza pembe.

Kiboko alinusurika kwa kuzama. Alipoibuka akamwita Nguchiro.

"Mwanangu, futa jina langu."

"Wataniuliza nimekufuta kwa nini, mzee. Labda kitabu kiwe cha wote, kisomwe bure, na kila mwandishi aweke jina lake na anapokaa."

Kiboko akakubali kabla Nguchiro hajamaliza kusema. Wanyama wakafurahi mno, wakambeba Nguchiro mabegani. Kisha kila mmoja akaandika jina lake, kubwa kabisa.

Kesho yake, ko ko ko, kwa Swala kuna mgeni ana swali. Ko ko ko, kwa Nungunungu wako foleni. Maswali magumu yote yalikuwa ya kurekebisha. Wakaifungua sura ile. Imeandikwa vizuri, kila ugonjwa na dawa yake, lakini jina hakuna wala makazi hakuna. Nguchiro alikuwa shimoni kwake, amelala chali. Wengine husema alisahau kuandika. Mimi siamini.

Basi watoto, funzo ni hili: ukifanya kazi nzuri, weka jina lako, tena kwa herufi kubwa, wala usiwashuku wenzako.

Ngano imefika ilikokuwa inakwenda. Aliyeipenda aichukue, aliyeichukia naye aichukue.

Nani kauliza mimi naitwa nani?