Msichana wa Nzige

Kitu kilichoingia mvunguni hakitoki kwa kuitwa, wala kwa kukemewa na mtu aliyesimama wima katikati ya chumba. Anayekitaka hana budi ashuke, apige magoti, na pengine alaze shavu kwenye vumbi, ndipo mkono wake ukifikie. Ndivyo inavyotuasa methali isemayo kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hettie Noske aliielewa mwaka aliomalizia shule, na haikumwingia kwa urahisi, kwa sababu shingo yake ilikuwa ngumu kama gogo la mkaratusi.

Hettie alikuwa mtoto wa pekee wa Clem Noske, mkulima wa ngano nje kidogo ya mji wa Nhill, huko magharibi mwa jimbo la Victoria, Australia, ambako nchi ni tambarare kama meza na anga huanzia miguuni pa mtu. Alipokuwa angali mtoto, nzige waliivamia nchi hiyo. Walikuja kama moshi, wakatua, wakaitafuna ngano changa ya Clem hadi udongo ukabaki uchi. Walikula bustani ya mboga, wakala hata gauni la kijani la bibi yake lililokuwa limeanikwa kambani. Watu wazima walishika vichwa. Hettie alishika chupa tupu za jemu, akakimbia huku na huku akiwakusanya wale wadudu, macho yakimng'aa.

Tangu siku hiyo hakuachana nao. Aliwafuga bandani kwenye vizimba vya wavu, akajifunza wanapotaga, wanavyobadilika rangi, na ni lini panzi mpweke asiyemdhuru mtu huamua kuungana na wenzake na kuwa jeshi. Shuleni walimbandika jina la Msichana wa Nzige, naye akalipokea kama nishani.

Basi alipogundua kuwa kuna chuo kikuu kimoja katika tambarare za kati za Marekani, chenye maabara nzima ya kuchunguza jambo hilo hilo, usingizi ulimpaa. Zaidi ya hayo, chuo hicho kilikuwa kikiwafadhili wanafunzi wachache kutoka ng'ambo ambao wazazi wao hawana uwezo. Hettie aliamua kuwa mmoja wao. Kwao Australia, mwanafunzi humaliza mtihani, akapewa alama moja, na alama hiyo ndiyo humfungulia mlango au kumfungia. Wamarekani walitaka mambo chungu nzima: mtihani wao wenyewe, insha ya kujieleza, na barua za walimu wawili. Wengine wangechoka kabla ya kuanza. Yeye kila sharti jipya lilimtia mori. Alipanda garimoshi hadi Melbourne kufanya mtihani wa Wamarekani, akarudi akisimulia kama mtu aliyetoka harusini.

Mjini hawakumwacha salama. Huko, mtu anayejikweza hukatwa kimo kwa maneno kabla jua halijazama. Muuza mikate alianza kumwita Yanki, yaani Mmarekani, na kumuuliza kama bado anakula mikate ya watu wa kawaida. Hettie alicheka nao, akanunua mkate wake, akaenda zake. Kejeli za mjini hazikumpunguzia kitu. Kilichomnyima raha ni barua ya pili.

Barua ya kwanza iliandikwa na mwalimu wa sayansi, tena kwa moyo mkunjufu. Ya pili ilitakiwa itoke kwa mwalimu wa lugha au historia aliyemfundisha katika miaka ya mwisho. Katika shule ndogo kama ile, mwalimu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Bi. Odgers wa Kiingereza, na Bi. Odgers ndiye mtu ambaye Hettie alimtukana hadharani.

Ilitokea mwezi Agosti. Mwalimu alimrudishia insha akamwambia kwa upole kuwa imeandikwa vizuri lakini ni baridi, haina mtu ndani yake. Hettie, aliyezoea sifa, alihisi kama amemwagiwa maji ya barafu. Akasimama mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, maneno hayajawahi kuua hata nzige mmoja," alisema. "Hiki ni kipindi cha watu walioshindwa hesabu."

Darasa lilicheka. Bi. Odgers alifuta ubao polepole, akaendelea na somo. Hettie alihamia kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo hawakuongea ila lile lisiloepukika.

Sasa alihangaika kutafuta njia ya mzunguko. Alimwomba kocha wa netiboli amwandikie. Chuo kikajibu kwa adabu kwamba barua ya kocha inakaribishwa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mwalimu wa darasani. Akawaandikia kuuliza kama sharti hilo lingeweza kulegezwa. Wakajibu kwa adabu ile ile kwamba haliwezi.

Rafiki yake wa chanda na pete aliitwa Eh Paw, binti wa Wakareni waliokimbia vita Burma na kupata kazi katika kiwanda cha bata pale Nhill. Eh Paw alikuwa mpole wa sura na mkali wa ulimi.

"We Hettie, hiyo shingo yako iliumbwa bila kiungo?" alimuuliza. "Mwombe radhi mama wa watu, yaishe."

"Nitamwomba radhi ya nini? Nilisema nilichokiamini."

"Na leo bado unakiamini?"

Hettie aliangalia pembeni. Ukweli ni kwamba alikuwa ameisoma tena ile insha ya Agosti, akaiona ilivyo baridi.

Siku zilienda mbio. Mitihani ikaisha, shule ikafungwa, matokeo yakatoka, na alama za Hettie zikawa za kujivunia wilaya nzima. Krismasi ikapita. Maombi ya chuo yalikuwa yafungwe mwanzoni mwa mwaka, na Bi. Odgers alikwisha kwenda na familia yake Robe, kwenye fukwe za Australia Kusini, kama walivyofanya kila kiangazi. Hettie aliandika barua pepe akaifuta, akaandika nyingine akaifuta. Kila alichoandika kilikuwa ombi lililovaa nguo za radhi, na yeye mwenyewe aliliona hilo.

Asubuhi moja Clem alimkuta mezani ameduwaa mbele ya chai iliyopoa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka ufunguo wa pikapu kando ya kikombe.

"Njia ya Robe unaijua," alisema. "Mafuta yamo. Ukirudi, usirudi na uso huo."

Hettie alimpitia Eh Paw, wakaondoka na wali na samaki waliofungiwa na mama yake Eh Paw. Joto lilikuwa kali, barabara imenyooka kama uzi, lakini ndani ya gari ilikuwa kama wanakwenda sherehe. Eh Paw alijifanya Bi. Odgers, akakunja uso, akamtaka Hettie atamke radhi yake upya kila alipoikosea. "Hapana, binti, hapo umeomba radhi kama mtu anayedai chenji," alimwambia, wote wakaangua kicheko. Walivuka mpaka wa jimbo, wakapita mashamba ya mizabibu na misitu ya misonobari, na harufu ya bahari ilipowafikia, moyo wa Hettie ulianza kumdunda kwa hofu na furaha iliyochanganyika hata asijue ipi ni ipi.

Kambi ilijaa mahema na karavani, zile nyumba za magurudumu ambazo familia huzivuta hadi pwani. Walielekezwa kwenye karavani ya Odgers. Hawakuona mtu. Waliona maji yanatiririka majanini, na miguu miwili isiyo na viatu imechomoza chini ya karavani.

"Graham, ni wewe?" sauti iliita kutoka huko chini. "Nipe hiyo spana kabla sijazama."

Eh Paw alimtazama Hettie, akamwonyesha kwa kidevu ile spana iliyokuwa majanini. Hettie alikuwa amevaa gauni lake jeupe la heshima, lile la siku ya kuhitimu. Aliliangalia gauni, akaliangalia tope. Kisha akaiokota spana, akapiga magoti, akalala kifudifudi, akajiburura hadi chini ya karavani.

"Mwalimu, si Graham. Ni mimi, Hettie."

Mkono wenye tope ukaipokea spana.

"Noske?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Shika bomba hapa. Lishike kwa nguvu."

Hettie alishika. Maji yalimrukia usoni, na ile hotuba yote aliyoifanyia mazoezi njiani ikayeyuka. Alibaki na yale yaliyokuwa moyoni tu.

"Mwalimu, nilikudhalilisha mbele ya darasa," alisema. "Ulisema kweli kuhusu insha yangu, ikaniuma, nikataka na wewe uumie. Nilikosa. Nimekuja kukuomba radhi."

Bi. Odgers alikaza nati moja, akapumua.

"Na barua ya chuo je?"

Hettie alishtuka. Mwalimu akamweleza kuwa mwenzake wa sayansi alimdokezea tangu Septemba, na kwamba yeye alikuwa akimsubiri tangu siku hiyo, kila kipindi, akitazama kile kiti cha nyuma.

"Tuseme nikikataa kukuandikia?" aliuliza.

Hettie alifikiri. "Radhi nimekwisha kuiomba, Mwalimu. Siirudishi."

Mwalimu alicheka, kicheko kilichojaa pale chini pote. "Haya, mwanangu, kaza hapo. Maji yananiingia sikioni."

Walitoka wamelowa chapachapa na tope hadi nywele, bomba limepona. Eh Paw alikuwa amekaa na Graham, mume wa mwalimu, ameshapewa chai na keki ya matunda, akisimulia mambo ya bata. Bi. Odgers alijifuta mikono, akaomba kuiona insha ambayo Hettie alikusudia kuituma Marekani. Aliisoma yote. Ilikuwa imejaa tuzo, alama na majina ya kisayansi.

"Haya mambo yote wanayo tayari," alisema. "Mimi namtafuta mtu. Simwoni."

Ni maneno yale yale ya Agosti. Safari hii Hettie hakusimama. Alivuta kiti, akaomba karatasi. Aliandika, mwalimu akasoma akatikisa kichwa. Akaandika tena. Mwishowe Bi. Odgers alimuuliza swali moja tu: siku ile nzige walipotua, wewe ulihisi nini? Hettie aliandika kitu ambacho hakuwahi kumwambia binadamu yeyote: kwamba msiba uliomfilisi baba yake ndio uliompa yeye furaha kubwa kuliko zote, kwamba alicheka akikimbia na chupa zake hali baba ameketi kwenye kibaraza ameinamisha kichwa, na kwamba tangu hapo amekuwa akiwachunguza nzige kwa mapenzi na kwa aibu pamoja, akitaka siku moja amlipe.

Bi. Odgers aliisoma, akavua miwani.

"Sasa nimemwona," alisema.

Barua aliiandika palepale, akaituma mwenyewe. Insha, Hettie hakuituma. Alirudi nayo Nhill, akampa baba yake, kwani aliona si haki watu wa mbali wakijue kitu ambacho Clem hakijui. Clem aliisoma amesimama kando ya jokofu, akairudia. Alikuwa na tabia ya kukohoa anapozidiwa na maneno. Alikohoa.

"Nilikuona ukicheka siku ile," alisema. "Ndicho kitu pekee kilichonifanya niinuke pale kibarazani. Tuma."

Hettie aliituma huku machozi yakimtoka na meno yote yakiwa nje.

Miezi ya kusubiri ilikuwa mirefu, ingawa hakuna aliyemsikia akilalamika. Alimsaidia baba yake shambani, akawalisha nzige wake, na kila ilipolia simu moyo ulimruka. Ikafika mwisho wa Machi. Asubuhi hiyo walikuwa wakisafisha mashine ya kupandia ngano, mikono yao imejaa grisi, simu ilipolia mfukoni mwake. Ujumbe ulionyesha jina la chuo, lakini mtandao wa pale bandani haukuwa na nguvu ya kuufungua. Hettie alitoka mbio kama mshale, akaruka ua, akapanda kilima kidogo cha kando ya bwawa, mahali pekee shambani penye mtandao wa kuaminika.

Clem alimwona akisimama kule juu, akisoma. Kisha akamwona akikaa chini ghafla. Alidhani ameumwa na nyoka, akamkimbilia na spana mkononi. Alimkuta anacheka na kulia, hawezi kutamka, amemnyooshea simu. Clem alisoma mstari wa kwanza, akasoma na ule uliosema kwamba chuo kitabeba gharama zote. Akakohoa, akakohoa tena, akamwinua binti yake hewani kwa mikono yake ya grisi.

Kabla ya adhuhuri Nhill nzima ilikuwa na habari. Muuza mikate alimfungia keki ya bure akimwambia kuwa Yanki halisi hukataa vya bure, naye akaipokea upesi asije akadhaniwa Yanki kweli. Eh Paw alitoroka darasani katika chuo cha uuguzi kule Horsham ili aje kumkumbatia. Bi. Odgers alipopigiwa simu alikuwa katikati ya kipindi. Hakuzungumza naye faraghani. Aliweka simu mezani, akafungua sauti, akamwambia Hettie awaeleze wanafunzi wake amefikaje hapo.

Hettie angeweza kuwatajia alama zake, na zilikuwa nyingi. Hakuzitaja. Aliwasimulia habari ya bomba lililopasuka, gauni jeupe na tope la Robe, darasa likacheka, na safari hii mwalimu alicheka pamoja nao. Mwishoni akawaambia kuwa milango mingi ya dunia ni mifupi kuliko kimo cha mtu, na asiyetaka kujigonga kichwa anajua la kufanya. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.