Shahada Aliyoichelewesha Ghalib

Imepokewa katika habari za wema waliotutangulia kwamba viungani mwa Basra alikuwako mcha Mungu mmoja, Ghalib bin Safwani, ambaye watu walimwita kila mgonjwa wao alipokaribia kufa. Yeye ndiye aliyewalakinia shahada: aliinama sikioni, akaitamka polepole, ili anayekufa aifuate na liwe neno lake la mwisho. Kwa miaka thelathini sauti yake haikutetemeka.

Kisha akaugua mkewe, Rababu. Asubuhi ya siku ya tisa miguu yake ikapoa. Ghalib, aliyeijua dalili hiyo kuliko mtu yeyote mjini, akaenda kupasha maji ya tangawizi. Akamfunika shuka la pili. "Baridi ya leo kali," akamwambia. "Ukitoka jasho utainuka."

Alasiri jirani yao, Bi Umaima, akamvuta mlangoni. "Sheikh, unangoja nini?"

"Bado."

Rababu alisikia. "Mume wangu," akaita, "hata yule mkamua mafuta aliyekutukana sokoni ulimkimbilia alipokuwa akifa, ukiwa na kiatu kimoja. Mimi nimekukosea nini?"

Ghalib akapiga magoti kando ya kitanda. "Nikiitamka nitakuwa nimekubali uondoke."

"Nani amekuomba ruhusa?" Pumzi ikamkatikia. Iliporudi, akasema kwa unyonge, "Naogopa. Wenzangu ulikuwa ukiwaambia wasiogope. Ulijuaje?"

Angeweza kumpa maneno aliyowapa mamia. Badala yake akasema kweli: "Sikujua. Na mimi naogopa."

"Basi tuogope sote. Lakini sema, ningali nasikia."

Akainama. Sauti ikamgomea mara mbili. Mara ya tatu ikatoka, na Rababu akaifuata shahada ya kwanza, ya Mungu mmoja. Ya pili, ya Mtume, Ghalib aliisema peke yake, kwa kuwa mkewe alikwisha kufa.

Aliendelea kuwaendea wagonjwa, ila hakumwambia tena yeyote asiogope.

Ndugu zangu, kwa Mola wake Rababu hakupungukiwa na kitu, Naye ni Mwingi wa rehema. Aliyepungukiwa ni Ghalib. Mchana mzima mkewe alikuwa hai na alitaka kusema naye juu ya kifo, naye akampa tangawizi. Alitubia, na tunataraji alisamehewa. Mchana ule hakurudishiwa.